Kitabu Kimoja kwa Mji Mzima: Hukumu juu ya Sikukuu ya Vitabu ya Seattle

Siku hizi miji mingi ya dunia inafanya sikukuu ya vitabu. Biblioteke inafungua milango, waandikaji wanaitwa kutoka mbali, watu wanakusanyika kuwasikiliza. Wanapiga makofi, wananunua kitabu, wanaomba mwandikaji atie sahihi yake ndani, kisha wanarudi nyumbani. Je, kazi hiyo ina faida gani? Wengine wanaisifu bila kipimo, wengine wanaicheka. Sisi hatutaki kusifu wala kucheka mbele ya kupima. Kwa hiyo tumechagua mfano mmoja unaojulikana sana, ndio ule wa biblioteke ya watu wote ya mji wa Seattle, inchi ya Marekani. Ulianza mwaka 1998, na miji mingi ikaufuata. Kwanza tutaeleza namna kazi hiyo ilivyofanyika. Pili tutafungua vitabu viwili vilivyochaguliwa huko, maana haifai kuhukumu sikukuu ya vitabu bila kufungua vitabu vyenyewe. Tatu tutasikiliza mashitaka ya wapinzani. Mwisho tutatoa hukumu yetu.

Na hukumu yenyewe tuiseme tangu sasa, kusudi msomaji ajue tunakokwenda: mwandikaji anapashwa kuja nyuma ya kitabu chake, si mbele yake. Pale kitabu kinapotangulia, sikukuu inazaa matunda. Pale mwandikaji anapotangulia, sikukuu iko karibu kugeuka soko.

I. Namna ilivyofanyika

Mji wa Seattle uko kaskazini-magharibi ya Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada. Katika hesabu ya mwaka 2000 ulikuwa na watu 563,374. Ndani ya biblioteke yake kulikuwa na ofisi moja iliyoitwa Washington Center for the Book. Hapo walitumika mama wawili, Nancy Pearl na Chris Higashi. Walijiuliza: ingekuwa namna gani kama watu wote wa Seattle wangesoma kitabu kilekile? Swali hilo likawa jina la kazi yao. Baadaye jina likafupishwa, wakasema Seattle Reads, ndiyo kusema «Seattle inasoma».

Utaratibu wao haukuwa mgumu. Wanachagua kitabu kimoja. Wananunua nakala nyingi za kitabu hicho, si moja au mbili kama desturi. Wanatengeneza kijitabu cha kuwasaidia wasomaji, chenye maisha ya mwandikaji na maswali ya kuzungumzia. Vikundi vya wasomaji vinakutana katika biblioteke za mitaa, katika nyumba za watu, pahali po pote watu wanapoweza kukaa pamoja. Hayo yote yanachukua muda mrefu. Kisha, kitabu kimekwisha kusomwa na kubishaniwa, ndipo mwandikaji anapofika mjini. Anakaa siku chache, anazungumza katika makutano mbalimbali, nao watu wanamwuliza. Kuingia ni bure.

Tuangalie vizuri mpango huo. Katika sikukuu nyingine mwandikaji ni mlango wa kuingilia: watu wanamsikia, labda siku moja watamsoma. Huko Seattle mwandikaji ni mgeni wa jioni. Kazi ya mchana imekwisha kufanyika.

Kuna jambo la pili wasilolitaja wengi wenye kusifu mfano huo. Mwaka uleule wa 1998, mwezi wa Novemba, raia wa Seattle walipiga kura wakakubali deni la dola milioni 196.4 kwa ajili ya biblioteke zao. Kwa feza hiyo walijenga biblioteke mpya za mitaa, wakatengeneza zile za zamani, na mwaka 2004 wakafungua jengo kubwa la katikati ya mji. Basi sikukuu yao haikuelea hewani. Ilikaa juu ya kazi ya kila siku: milango iliyo wazi, watunza-vitabu wanaolipwa, rafu zilizojaa. Sikukuu ya vitabu katika mji usio na biblioteke ni kama karamu ya arusi katika nyumba isiyo na jiko. Chakula kitatoka kwa jirani, na kesho watu watalala njaa.

II. Kitabu cha kwanza: kijiji na otobisi yake

Kitabu cha mwaka 1998 kilikuwa romani ya Russell Banks iitwayo The Sweet Hereafter, iliyotoka mwaka 1991. Banks alizaliwa mwaka 1940, akafa mwezi wa Januari 2023. Aliandika sana juu ya watu wa hali ya chini, wenye kuishi katika vijiji vya baridi vya kaskazini-mashariki ya Marekani. Asili ya romani hii ni msiba wa kweli. Mwaka 1989, huko Alton katika jimbo la Texas, otobisi ya wanafunzi iligongwa na kamyo, ikaanguka ndani ya shimo lenye maji, wakafa watoto 21. Na nyuma ya msiba wakafika maavoka wengi, wakitafuta wazazi wa kushitaki. Banks aliuchukua msiba huo akauhamisha mbali, katika kijiji alichokitunga mwenyewe, Sam Dent, katika jimbo la New York, kati ya milima na theluji.

Asubuhi moja Dolores Driscoll, mama mwenye kuongoza otobisi ya shule, anaona njiani kitu kama mbwa, au anafikiri ameona. Anageuza usukani. Otobisi inaacha njia, inaanguka ndani ya shimo lililojaa maji na barafu. Watoto 14 wanakufa. Basi, msiba wenyewe ndio huo. Kinachobaki ni swali moja tu: kosa ni la nani?

Watu wanne wanajibu, kila mmoja kwa kinywa chake. Dolores anaanza. Kisha Billy Ansel, aliyepigana vita ya Vietnam, mjane, ambaye asubuhi ile alikuwa akifuata otobisi kwa motokari yake. Watoto wake wawili mapacha walikufa mbele ya macho yake. Wa tatu ni Mitchell Stephens, avoka kutoka New York. Huyu hasadiki kwamba kuna ajali; kwake kila msiba una mtu mwenye kulipa, na hasira yake inatoka mbali, kwa sababu ana binti anayepotea katika madawa ya kulevya. Wa nne ni Nichole Burnell, msichana aliyepona lakini miguu yake imekufa. Na Nichole ana siri: mbele ya ajali baba yake alikuwa akimtenda uovu usiosemeka. Sasa baba huyohuyo anangojea feza za tribinali.

Siku ya kutoa ushuhuda, Nichole anasema uongo. Anasema Dolores aliendesha otobisi mbio sana, maili 72 kwa saa, ndizo kilometa 116. Kwa neno hilo mashitaka yote yanaanguka. Hakuna wa kulipa tena. Baba anajua kwamba binti amesema uongo na anajua sababu, wala hawezi kufungua kinywa. Kijiji kinapata amani, sababu sasa kina mtu wa kumtupia kosa.

Ndugu wasomaji, kila mmoja aliyesoma teologia ya maadili anaona mara moja ugumu wa jambo hili. Mtakatifu Agostino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akafundisha kwamba si halali kusema uongo hata kwa kusudi jema. Na hapa je? Uongo wa msichana unamwadhibu mwovu, unazuia kijiji kisile feza ya damu ya watoto wake. Lakini unamwangusha mama asiye na kosa. Banks hatuambii tufikiri nini. Nguvu ya romani iko hapo: mwandikaji hasemi kwamba uongo haukugharimu kitu. Katika sehemu ya mwisho Dolores anarudi kusema. Yuko katika sikukuu ya wilaya, kijiji chote kimekaa kutazama mchezo wa motokari za kugongana, na hapo ndipo anapopata kujua kilichosemwa juu yake. Msomaji anangojea kilio. Pahali pa kilio mama huyu anaona kama mzigo fulani umetua, na kwamba yeye, Nichole na watoto wa otobisi, wazima na wafu, ni raia wa mji mwingine, mbali na watu wengine wote.

Kazi hii ina madoa pia. Nichole mara nyingine anasema kwa akili ya mtu mzima aliyekwisha zeeka. Tunasikia sauti ya Banks chini ya sauti yake. Tena avoka, kwa maoni yetu, amepewa moto mwingi kuliko watu wa kijiji, hata msomaji anaweza kusahau kwamba yeye ni mgeni na wao ndio wenye msiba. Lakini madoa hayo hayaharibu kitambaa.

Na kwa sikukuu ya mji mzima kitabu hiki kilifaa. Kina mashahidi wanne, hakina hakimu. Msomaji akikifunga anajikuta yeye ndiye amekalishwa kwenye kiti cha hakimu, na hawezi kukaa pale peke yake bila kutaka kumwuliza jirani: wewe, ungefanya nini?

III. Kitabu chenye Mkongomani ndani yake

Mwaka 1999 Seattle ilisoma romani ya Ernest Gaines, mwandikaji mweusi wa Louisiana, juu ya kijana anayengojea kuuawa na mwalimu anayetumwa kumfundisha kufa kama mtu. Tunapita upesi, kusudi tufike kwenye kitabu kinachotugusa sisi zaidi, ndicho kile cha mwaka 2008: The Beautiful Things That Heaven Bears, cha Dinaw Mengestu. Mengestu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1978, akapelekwa Marekani angali mtoto mdogo. Romani yake ilitoka mwaka 2007.

Mwenye kusema ndani yake ni Sepha Stephanos, Mwetiopia aliyekimbia inchi yake baada ya askari wa mapinduzi kumchukua baba yake. Ana duka dogo katika mtaa wa maskini wa Washington, mtaa ambao matajiri wanaanza kuununua nyumba kwa nyumba. Jioni wanakuja rafiki zake wawili: Kenneth, injinia kutoka Kenya, na Joseph, Mkongomani, ambaye kazi yake ni kupokea wageni mezani katika hoteli ya chakula. Wanakunywa, na wana mchezo wao. Mmoja anataja jina la mkubwa aliyenyakua utawala mahali fulani katika Afrika. Wengine wanapashwa kutaja inchi na mwaka. Wanacheka. Msomaji anacheka nao kwanza, kisha anaanza kuona kwamba ni kicheko cha watu wanaohesabu makaburi.

Jina la kitabu limetoka kwa Dante, mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya utenzi wake mkubwa, pale yeye na kiongozi wake wanapotoka katika jehanamu na kuona tena mbingu. Ni Joseph anayeyapenda maneno hayo. Kwa maoni yake hakuna anayeweza kuyafahamu kama Mwafrika. Joseph mwenyewe anatunga utenzi juu ya Kongo, miaka inapita, utenzi hauishi. Tazama jambo la ajabu: mtumishi wa mezani anayebeba sahani za wengine ndiye anayembeba Dante kichwani mwake.

Kuna picha nyingine tunayopenda kuitaja. Mama mzungu anahamia karibu na duka pamoja na binti yake, Naomi, ambaye baba yake ni Mwafrika. Mtoto anazoea kuja dukani. Yeye na Stephanos wanasoma pamoja, kwa sauti, romani kubwa ya Dostoevsky, Ndugu Karamazov. Mwenye duka asiye na wateja na mtoto asiye na baba karibu wanageuza ukurasa mmoja baada ya mwingine, kati ya mikebe na pakiti. Hiyo ni sikukuu ya kitabu iliyo ndogo kuliko zote, nayo ni ya kweli. Mengestu hakuiandika kwa ajili ya Seattle. Lakini Seattle haikuweza kupata mfano bora wa kazi yake yenyewe.

Tunaona upungufu pia. Yule mama, Judith, hana uhai kama wale marafiki watatu. Anaingia na kutoka kadiri hadithi inavyomhitaji. Na Joseph, hata akiwa amechorwa kwa mapendo, amebeba zaidi Kongo ya vita na ya wakubwa wenye kunyakua utawala. Sisi tungetaka kusikia Kongo nyingine pia: lugha ya mama yake, soko, wimbo wa kanisani. Labda ndiyo sababu utenzi wake hauishi.

Lakini tufikiri juu ya mji uliosoma kitabu hicho. Seattle ina Waetiopia wengi, wenye maduka, wenye teksi, wenye hoteli za chakula. Kwa miaka mingi watu walinunua kwao mkate na maziwa bila kujua walitoka wapi na walimwacha nani. Mwaka ule biblioteke ikawaomba wanunuzi wasome moyo wa mwuza-duka. Hilo sijambo dogo.

IV. Mashitaka ya wapinzani

Shitaka la kwanza lilitoka kwa Harold Bloom, mwalimu mkubwa wa maandiko katika universite ya Yale, aliyekufa mwaka 2019. Mwaka 2002 alisema hapendi kabisa kusoma kwa makundi makubwa. Akalifananisha jambo hilo na watu wote kukimbilia kula chakula kibaya kilekile cha kununua kwa saa ileile. Kwake kusoma ni kazi ya mtu mmoja katika upweke wake.

Tunajibu kwa kutofautisha. Kusoma ni tendo moja; kuhukumu kilichosomwa ni tendo lingine. Tendo la kwanza ni la mtu peke yake, Bloom amesema kweli. Hakuna mtu anayeweza kusoma pahali pa mwenzake. Tendo la pili linaweza kufanyika peke yake, lakini linapata faida likifanyika pamoja, kwa sababu jirani ameona nisichokiona. Waliokaa seminari wanalijua jambo hili: kila mmoja anasoma chumbani mwake, na mabishano yanafuata. Seattle haikuwaagiza watu wasome kwa sauti moja. Iliwapa kitabu kimoja, ikawaacha watoe sauti mbalimbali. Kosa lingekuwa kuwapa kitabu kimoja pamoja na fikra moja.

Shitaka la pili ni zito zaidi, na ushuhuda wake ni mji wa New York. Mwaka uleule wa 2002 watu wa huko walitaka kufuata mfano wa Seattle. Komite ikagawanyika kati ya vitabu viwili: Native Speaker cha Chang-rae Lee na The Color of Water cha James McBride. Wengine waliogopa kitabu kimoja kisije kikawachukiza watu wa asili ya Asia. Wengine walikuwa na hofu zao juu ya kile cha pili. Mwisho wake, mji haukupatana juu ya kitabu kimoja. Nancy Pearl mwenyewe alisikitika, akasema kwamba kazi hiyo inageuzwa kuwa dawa ya ugomvi wa makabila na rangi, na maandiko yanasahauliwa.

Hapa tunakubali shitaka kwa sehemu. Biblioteke nyingi, kwa kuogopa lawama, zinachagua kitabu kisichoweza kumkwaza mtu, au kitabu chenye fundisho lililo juu kama povu. Vitabu vya namna hiyo vinazaa mazungumzo ambayo mwisho wake unajulikana tangu mwanzo: wote wanakubaliana kwamba chuki ni mbaya, wanakunywa chai, wanaachana. Romani ya Banks haikuwa hivyo. Ilikuwa na baba mwovu, binti mwongo na mama anayedhulumiwa; haikuponya kabila lo lote. Anayechagua kitabu kwa ajili ya watu wengi anapashwa kujiuliza swali moja tu: je, watu wawili wenye akili nzuri wanaweza kukisoma na kuachana katika hukumu yao? Kama hawawezi, hakina haja ya mkutano. Kila mmoja akisome nyumbani, yatosha.

Shitaka la tatu linatoka katika hesabu. Serikali ya Marekani, kwa ofisi yake ya sanaa, imepima mara nyingi namna watu wazima wanavyosoma. Mwaka 1982, watu 56.9 kwa mia walikuwa wamesoma romani, hadithi, mashairi au michezo ya kuigiza katika mwaka. Mwaka 2002 walikuwa 46.7 tu. Na wenye kusoma romani au hadithi fupi walikuwa 45.2 kwa mia mwaka 2012, wakashuka mpaka 37.6 mwaka 2022. Mpinzani anasema: tazama, sikukuu zimeongezeka na wasomaji wamepungua.

Tunajibu: hesabu hiyo ni ya kweli na ya kusikitisha, lakini haihukumu kitu kinachoshitakiwa. Ni hesabu ya inchi nzima, yenye shule zake, televizyo zake na simu zake. Sikukuu ya kitabu haikuahidi kuponya inchi. Tena wenye kuja kwenye mikutano hiyo ni mara nyingi wale waliokuwa wakisoma tangu zamani. Lakini hesabu inatufundisha unyenyekevu: mwenye kuandaa sikukuu asihesabu vichwa vya waliokuja kusikiliza, halafu akasema «tumeongeza wasomaji». Ahesabu nakala zilizotoka kwenye rafu na zikarudi zimechakaa.

V. Mwandikaji aje wakati gani?

Sasa tunafika kwenye shina la neno letu. Tulinganishe Seattle na sikukuu nyingine, ile ya Washington, inayoitwa National Book Festival. Ilianza tarehe 8 Septemba 2001, chini ya Laura Bush, mke wa Presidenti, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtunza-vitabu, pamoja na Library of Congress, biblioteke kubwa ya taifa. Kwa miaka mingi ilifanyika ndani ya mahema, katika kiwanja kikubwa cha katikati ya mji. Tangu mwaka 2014 ikaingia ndani ya jumba la mikutano. Waandikaji makumi wanakuja, na watu kwa maelfu wanapita kutoka kwa mwandikaji mmoja hadi kwa mwingine.

Hatusemi kwamba ni vibaya. Mtoto anayemwona mwandikaji kwa macho anapata kujua kwamba vitabu vinaandikwa na watu wenye miguu na viatu, si na malaika. Hilo ni jema. Lakini msikilizaji anaweza kusikia waandikaji sita kwa siku moja bila kusoma hata mmoja. Anakumbuka mzaha wa huyu, nguo ya yule. Na mwandikaji anayezungumza na wasiomsoma hana la kufanya ila kujieleza na kujisifu kwa upole. Afanye nini tena? Hawezi kuulizwa maswali yenye meno.

Mbele ya waliosoma mambo yanabadilika. Aliyesoma The Sweet Hereafter anaweza kumsimamia Banks na kumwuliza: kwa nini ulimwacha msichana yule aseme uongo, wala hukumpa mama Dolores mtu wa kumtetea? Mwandikaji akijibu vizuri, msomaji amefaidika. Akijibu vibaya, msomaji anajua, maana kitabu kiko mkononi mwake. Ndiyo kusema: mbele ya kitabu kilichosomwa, mwandikaji ni shahidi, si hakimu. Anaweza kueleza alichokusudia. Lakini alichokusudia ni kitu kimoja, alichokiandika ni kitu kingine, na msomaji ana haki ya kushikamana na hiki cha pili.

Mji wa Chicago unatupa uthibitisho. Mwaka 2001 biblioteke yake ilifuata mfano wa Seattle, ikachagua To Kill a Mockingbird ya Harper Lee, romani ya mwaka 1960 juu ya avoka mzungu anayemtetea Mweusi aliyesingiziwa. Chicago ina watu karibu milioni tatu. Lakini Harper Lee alikuwa amejitenga na magazeti na mikutano tangu miaka ya 1960, wala hakuwa mtu wa kwenda kuhubiri juu ya kitabu chake. Je, sikukuu ilikufa? Hapana. Watu walisoma, wakabishana, na kazi ile ikaendelea mwaka baada ya mwaka kwa vitabu vingine. Basi tunaona kipi ni cha lazima na kipi ni cha kuongeza. Bila mwandikaji, sikukuu ya kitabu inaweza kusimama. Bila kitabu kilichosomwa, haiwezi.

VI. Hukumu

Tunaisifu kazi ya Seattle, na hatuisifu kwa sababu ya ukubwa wake, bali kwa sababu ya utaratibu wake: kitabu, kisha vikundi, kisha mwandikaji. Tunaisifu kwa vitabu viwili tulivyovifungua, ambavyo vyote viwili vinamwamini msomaji, havimtafunii chakula. Tunailaumu miji ile iliyochukua jina na kuacha utaratibu, ikachagua vitabu visivyo na mfupa, ikajaza kumbi na kuacha rafu tupu.

Wenye kuongoza masomo, mapadri na makatekista, wanaweza kuchukua huko mambo manne yasiyodai dola milioni. La kwanza: nakala kumi za kitabu kimoja zina faida, kwa kazi hii, kuliko vitabu kumi vyenye nakala mojamoja, sababu watu hawawezi kuongea juu ya kitabu alichokisoma mmoja tu. La pili: kuwapa watu muda wa kutosha, mwezi au miwili, wala kutowaharakisha, kuna anayesoma usiku kwa taa, baada ya shamba. La tatu: maswali yatakayoandikwa yasiwe na majibu ndani yake. Swali linalosema «Je, si kweli kwamba...» ni amri iliyovaa nguo ya swali. La nne: mwenye kusema sana aseme mwisho, akiwa mwandikaji, akiwa mwalimu, akiwa padri mwenyewe. Hili la nne ni gumu kwetu kuliko mengine, kwa kuwa tumezoea kufungua mkutano kwa maneno yetu na kuufunga kwa maneno yetu.

Anayetaka kujaribu asingojee jengo wala mgeni kutoka mbali. Stephanos na Naomi walikuwa wawili tu, na meza yao ilikuwa ile ya kuuzia sabuni.